Muhtasari wa Kifo cha Évariste

Madame Agathe alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia maneno ya ziada. Mtu akianza kumsimulia safari yake ya sokoni, yeye moyoni alikuwa amekwisha kuikata nusu kabla msimulizi hajafika kwenye meza za samaki. Darasa lake la sita, katika mtaa wa Mangobo, lilimjua hivyo. Wanafunzi waliiogopa kalamu yake nyekundu kuliko fimbo ya mkuu wa shule, maana maumivu ya fimbo huisha, lakini kalamu ile ilipita katika kazi yako ya jioni nzima ikaacha sentensi mbili tu zimesimama.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1966. Karatasi za serikali bado ziliuita mji Stanleyville, ingawa kwa Kiswahili haukuwahi kuitwa ila Kisangani. Uasi ulikuwa umepita mjini, shule zimefunguliwa tena, madirisha mengine hayana vioo na watoto ni wengi kuliko madawati. Mtihani wa cheti ulikuwa na sehemu ya résumé, yaani kufupisha habari ya kweli: unapewa ukurasa mzima, unatakiwa uurudishe kwa mistari michache. Agathe alilipenda somo hilo kuliko yote. Hapo ugonjwa wake ulikuwa dawa.

"Mutasoma mpaka mwisho mbele ya kushika kalamu," aliwaambia. "Mifano, mutatupa. Majina ya watu, kama habari inaweza kusimama bila yao, mutatupa. Na mawazo yenu, hapana kutia hata neno moja. Mwenye kufupisha haongeze kitu. Tumeelewana?"

"Oui, madame."

Jumanne ile aliwapa habari ya muhogo mchungu, aliyoitoa katika jarida kuukuu la kilimo kutoka kituo cha utafiti cha Yangambi. Ilikuwa habari ndefu, yenye udongo na mvua ndani yake, na mashamba ya majaribio, na wakulima waliotajwa kwa majina na vijiji vyao. Watoto wakainamisha vichwa.

Wa kwanza kumaliza alikuwa Safi, mjukuu wa Papa Feruzi fundi cherehani. Binti huyu alikuwa ameandika habari yote, kutoka neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho, bila kulitazama jarida tena.

"Safi, hii ni résumé?"

"Hapana, madame."

"Sasa ni nini?"

"Ni yote, madame. Babu anasema maandiko haikatwi."

"Babu yako anasema juu ya Kurani. Hii ni muhogo."

Darasa likacheka, Safi naye akacheka, lakini hakukata kitu. Wangwana, yaani Waislamu wa mji huu, huanza chuo cha Kurani wakiwa hawajaota meno ya ukubwani, na mtoto aliyefundishwa kwamba kuangusha neno moja ni dhambi humwambii leo aangushe ukurasa kwa ajili ya cheti.

Kisha akaja Cyprien, kijana mwepesi, mwenye haraka ya kusifiwa. Karatasi yake ilikuwa na mistari minne safi. Agathe akaisoma kwa sauti.

"Muhogo mchungu husitawi hata katika udongo dhaifu. Huzaa kuliko muhogo mtamu. Nguruwe wa porini hawaupendi. Watu wa mkoa wetu hula mizizi yake kila siku."

Akaishusha karatasi. Cyprien alikuwa tayari anatabasamu.

"Bon. Mutu akisoma hii, atafanya nini?"

"Atalima, madame."

"Kisha?"

"Atavuna."

"Kisha?"

"Atakula."

"Kisha?"

Cyprien akatazama karatasi yake. Nyuma ya darasa sauti moja ikapiga kelele: "Atakufa!" Na darasa zima likapasuka kwa kicheko, maana hakuna mtoto wa Kisangani asiyejua kwamba muhogo mchungu huloweshwa majini mpaka ulainike, la sivyo sumu yake inaua nyumba nzima. Jarida lilikuwa limelisema hilo katika sentensi moja, fupi, katikati ya ukurasa.

"Lakini madame," Cyprien akasema, macho yamejaa maji, "sikusema uongo. Kila neno iko kweli."

"Iko kweli," Agathe akakubali. "Kila neno. Na wale watu wamekufa hata hivyo. Kaa chini, uandike upya."

Alijisikia vizuri sana aliposema hivyo. Mwalimu anayepata somo zuri hutembea kwa madaha mpaka nyumbani, na Agathe alitembea hivyo, daftari za wanafunzi kwapani, mpaka alipofika kwenye ua wake na kukumbuka kwamba ndani kuna matanga.

Matanga yenyewe yalikuwa ya mumewe, Évariste, na yalikuwa yamechelewa mno. Évariste alikuwa karani wa posta. Waasi walipouteka mji mwaka 1964, walianza kuwasaka walioifanyia serikali kazi ya kalamu, na jina lake likawa katika vinywa vyao. Alijificha. Baadaye alikamatwa, akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine, na hakuna aliyemwona tena. Mama yake, Mama Berthe, na mdogo wake Lambert walikuwa Banalia, na barabara ya Banalia ilifungwa kwa vita muda mrefu kuliko ya mji. Sasa imefunguka. Wamekuja na mikungu ya ndizi na samaki wakavu kulilia mtu asiye na kaburi.

Katika matanga ya hapa, kabla watu hawajatawanyika, lazima ndugu mmoja aliyesoma asimame asome historique: marehemu alizaliwa wapi, alifanya nini, kifo kilimjia vipi, nani alimsaidia na nani alimwacha. Watu waliokuwa wakipiga soga tangu asubuhi hukaa kimya hapo, kwa sababu ndipo kila mmoja anapopokea fungu lake la sifa au la lawama. Yule aliyeelekezewa lawama hurudi kwake na jina jipya, na jina hilo halioshiki.

Lambert alikuwa ameiandika historique. Alikuwa mwanaume wa kelele na moyo, karani wa soko kule Banalia, aliyempenda kaka yake kweli na aliyependa maneno makubwa karibu kiasi hicho hicho. Karatasi zake zilikuwa rundo. Jioni ile, jua bado lipo, alizisoma uani mbele ya mama yake na Agathe ili zisikilizwe kabla ya Jumamosi. Zilianza na mvua iliyonyesha siku Évariste anazaliwa. Zikapita kwenye samaki wa kwanza aliyemvua katika mto Aruwimi, zawadi za shule, sauti yake nzuri kanisani, mwandiko wake. Halafu zikafika kwa Feruzi, na hapo Lambert akasimama.

"Alifichwa nyumbani kwa fundi Feruzi, ambaye alikuwa anawashonea waasi nguo zao. Alitoka kwa Feruzi. Alikamatwa njia ya Tshopo, amevaa kanzu ya Feruzi." Akaikunja karatasi. "Voilà. Sikuandika kama Feruzi alimuuza. Hakuna lazima. Mwenye masikio atasikia."

"Ulimuuliza?" Agathe akasema.

"Nilimuuliza. Anajibu: 'Aliondoka, mimi nilikuwa kwa sala, basi.' Mutu anakaa nyumbani kwako wiki na wiki, na wewe unajua maneno matatu tu? Cousin yetu Wenceslas iko sajini pale kambini. Jumamosi atakuwa hapa. Atasikia, na atajua kazi ya kufanya na ule mzee."

Mwaka ule hakuna aliyehitaji kuelezwa kazi hiyo ni gani. Waliotajwa kuwa marafiki wa waasi walichukuliwa wakiwa na kandambili miguuni, na kandambili ndizo zilizorudi.

Mama Berthe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, mikono mapajani. Tangu afike hakuwa amesema mengi na mkwewe. Agathe alijua anavyotazamwa: mwanamke wa mjini, mwenye kalamu, asiyezaa, aliyeshindwa kumtunza mume.

"Hii karatasi iko murefu sana," mama akasema. "Wazee watalala mbele hujafika posta. Agathe, wewe unafundisha watoto kukata. Kata."

Lambert alikasirika kidogo, kisha akamkabidhi shemejiye rundo lile kwa mikono miwili. "Belle-sœur, kata. Lakini hapana kuongeza kitu."

"Mwenye kufupisha haongeze," Agathe akajibu, kama anavyojibu kila siku.

Kesho yake, baada ya shule, aliketi barazani na kalamu nyekundu. Kazi ilikuwa rahisi mpaka ikamtia aibu. Mvua ya kuzaliwa, akafuta. Samaki wa Aruwimi, akafuta, ingawa alimkumbuka Évariste akimsimulia samaki huyo akiwa amelala chali, mikono imepanuliwa kuonyesha urefu usioaminika. Zawadi, kwaya, mwandiko, vyote vikaenda. Kikabaki hiki:

"Évariste alizaliwa Banalia. Alisoma, akawa karani wa posta mjini. Wakati wa uasi alitafutwa kwa ajili ya kazi yake. Alijificha kwa fundi Feruzi, aliyekuwa akiwashonea waasi. Siku moja alitoka kwa Feruzi, amevaa kanzu ya Feruzi, akakamatwa njia ya Tshopo. Hakurudi."

Akaisoma tena. Katika rundo la Lambert, Feruzi alikuwa amefunikwa na samaki na kwaya. Hapa alisimama peke yake, wazi, na kila sentensi ilimwonyesha kidole. Na kila neno lilikuwa kweli. Agathe akamwona Cyprien mbele ya darasa, macho yamejaa maji, na safari hii hakujisikia vizuri hata kidogo.

Maana kulikuwa na sentensi moja iliyokosekana, na yeye aliijua.

Wiki ile Évariste alipokamatwa, mwanamke mmoja wa upande wa Tshopo alikuja kwake, akaingia kwa mlango wa jikoni, akaanguka sakafuni akilia. Alisema kila kitu. Alikuwa mpenzi wa Évariste tangu kabla ya vita. Évariste, amechoka kufungiwa, alimtumia habari kwamba atakuja kumwona, na yeye akatoka kumpokea barabarani. Évariste alikuja amevaa kanzu na kofia apate kupita kama Mngwana. Kwenye kizuizi kijana mmoja Mwislamu alimsalimia, "Asalaam aleikum." Na Évariste, karani wa posta, mtu wa dirisha la stempu, akajibu, "Bonjour, monsieur." Mwanamke alikuwa ng'ambo ya kizuizi, akasikia. Ndivyo alivyokufa mume wa Agathe, kwa adabu ya ofisini, akienda kwa mwanamke mwingine.

Agathe hakumwambia mtu. Alimpa yule mwanamke maji ya kunywa, akamtoa kwa mlango ule ule, akafunga. Tangu hapo alikuwa mjane wa mtu aliyeuawa kwa ajili ya kalamu, na watu walimpisha njiani kwa heshima. Heshima hiyo ilikuwa yote aliyobakishiwa. Hakuwa na mtoto. Akiitamka sentensi ile, nani asingesema kwamba mume alitoka kutafuta kile ambacho nyumbani hakikupatikana? Wangesema hivyo kisimani na kanisani, na watoto wa darasa la sita wangesikia.

Na kanuni ilikuwa upande wake. Sentensi haikuwamo katika karatasi ya Lambert. Mwenye kufupisha haongezi. Alijishikilia kwenye kanuni hiyo siku nzima, akachukia jinsi ilivyomfaa.

Ijumaa alikwenda kwa Feruzi. Nyumba ya fundi ilikuwa mtaa wa pili, cherehani barazani, na nyuma yake pazia la rangi ya udongo. Nyuma ya pazia hilo Évariste alikuwa amekaa wiki zote zile, akitia vifungo kwenye mashati ya wale wale waliomtafuta, kwa sababu hakuna mwasi aliyefikiri kupekua nyumba anakoshonewa. Mzee hakuwa amewaomba wateja hao. Walileta kitambaa wakiwa na bunduki, naye akashona.

"Karibu, mama mwalimu," Feruzi akasema bila kusimamisha gurudumu. "Hii ni sare ya Safi. Anakua mbio kuliko kitambaa."

"Papa Feruzi, kesho hapana kuja matanga."

Gurudumu likasimama.

"Juu ya nini?"

"Lambert amekuandika. Na sajini atakuwa pale. Uende kwa ndugu zako ng'ambo ya mto, urudi kisha wao kurudi Banalia."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Nikikimbia, watasema nimekimbia. Évariste alikula nyumbani kwangu. Nitaacha matanga yake namna gani?"

"Lakini watu wakikuuliza alitoka kwenda wapi, utajibu nini?"

"Nitajibu vile nilijibu. Aliondoka. Nilikuwa kwa sala. Basi." Akarudisha miwani, na gurudumu likaanza tena. "Mengine, Mungu anajua."

Agathe akabaki amesimama. Alitaka kumwuliza, na wewe hujui? Lakini mdomo ulikataa, kwa sababu akimwuliza angekuwa amekwisha kusema. Akamuaga mzee, akaenda zake, na njia nzima alimchukia Évariste kwa moyo wote, akamlilia pia, machozi ya mambo yote mawili yakitoka kwa jicho moja.

Jumamosi baada ya mchana ua ulijaa. Wanawake upande wa jikoni, wanaume chini ya turubai, wazee mbele. Sajini Wenceslas alisimama kwenye uzio, kofia yake ya jeshi imelala upande. Feruzi alikuja baada ya sala ya alasiri, kanzu nyeupe, mkono wa Safi mkononi mwake, akakaa mahali ambapo kila mtu angemwona. Nafasi mbili, moja kila upande wake, zikabaki wazi.

"Alors," Lambert akatangaza, "belle-sœur yetu, mwalimu, atasoma historique."

Agathe akasimama. Karatasi ilikuwa moja tu. Akasoma kwa sauti ya darasani, kwa sababu hakuwa na nyingine: Banalia, shule, posta, uasi. Alipofika kwa fundi Feruzi, aliyekuwa akiwashonea waasi, ua ukageuza shingo. Sajini akaacha kuegemea uzio. Akasoma kanzu, akasoma njia ya Tshopo. Likabaki neno moja tu, la kusema kwamba hakurudi, kisha angeweza kukaa.

Akamtazama Safi. Mtoto alikuwa akimsikiliza kwa makini, midomo ikicheza, anahifadhi kila neno kama ilivyo kawaida yake. Agathe akafahamu kwamba chochote atakachokiacha hapa, mtoto huyu atakibeba bila kukiongeza wala kukipunguza mpaka uzee wake.

"Feruzi hakumtoa," Agathe akasema, na hakuwa akisoma tena. "Évariste alitoka mwenyewe, kwa mapenzi yake. Alikuwa anaenda kwa mwanamke wake, upande wa Tshopo. Jina ya mwanamke nimeiacha, juu habari inasimama bila jina. Hakurudi."

Upande wa jikoni ukatoa sauti ambayo wanawake huitoa wanapofunika midomo. Uso wa Agathe ukawaka moto mpaka masikioni. Lambert aliruka kutoka kwenye kiti.

"Hii haikuwa mu karatasi yangu!"

"Haikuwa."

"Wewe mwenyewe unasema hapana kuongeza!"

"Ninasema. Leo nimeongeza." Akaikunja karatasi. "Bila hii, Lambert, kila neno yako iko kweli, na mutu asiye na kosa anakufa."

"Nani alikuambia?"

"Mwanamke mwenyewe. Alikuja kwangu wiki ile ile."

"Na ukakaa nayo?"

"Nikakaa nayo. Niliona haya."

Hapo Feruzi akainuka, taratibu, akiegemea bega la mjukuu wake.

"Mama mwalimu, mimi nilifikiri haujui," akasema. "Nilinyamaza juu yako. Évariste aliniambia kwa nani anaenda. Nilimushika mukono. Nilimwambia, kanzu haitoshi, wale watoto wa barrière wanajua kusalimia, kaa basi nikufundishe kujibu. Akacheka, akasema atajifunza akirudi. Nikaenda kusali. Nikatoka, hayuko." Akageuka kuwaelekea wazee. "Alichosema huyu mama ni kweli. Lakini hata sasa haijatimia. Kuna kitu ameruka."

"Kitu gani?" Lambert akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Chakula. Évariste alikuwa anakula nini nyumbani kwangu? Mimi niko mujane, mutoto huyu alikuwa mudogo. Kila siku, saa ya mwisho ya jua, huyu mama alileta nguo ya kushona. Blouse moja, ya bluu. Ile ile. Nilikuwa ninashona, kesho ninafumua, ninashona tena, mpaka kitambaa kilikwisha. Na ndani ya blouse iko lituma, ndizi ya kuponda, na samaki, ingali moto. Alipita na hiyo mbele ya bunduki zao, kwenda na kurudi. Siku walimukamata Évariste, alikuja tena na chakula, juu hakujua bado. Mimi ndiye nilimurudisha na sahani imejaa."

Sajini Wenceslas alikuwa amevua kofia yake. Akatazama huku na huku, kisha akaja akakaa kwenye moja ya nafasi zile zilizobaki wazi pembeni ya mzee, akaomba maji.

Mama Berthe alikuwa bado mkekani. Aliweka mkono chini, akajiinua, akamjia Agathe mpaka karibu sana, na Agathe akajiandaa kupigwa au kutukanwa, maana hakujua mtu mwingine ambaye angekuwa na haki zaidi.

"Alikuwa anakula?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Lituma alikuwa anaimaliza. Samaki alikuwa anabakiza kichwa."

"Tangu utoto," mama akasema. "Kichwa hapendi." Midomo yake ikaanza kucheza, akaibana. "Nilikuwa kule Banalia, barabara imefungwa. Kila nikiweka chakula mbele yangu ninajiuliza, mutoto wangu amekula? Miezi yote ile. Mpaka leo ninajiuliza. Na wewe unajua, na unasimama mbele yangu na karatasi, unakata hiyo?"

"Mama, nilifikiri haiko lazima. Ilikuwa habari yangu."

"Ilikuwa yangu mimi."

Akamshika Agathe mkono wenye karatasi, kwa nguvu ya mwanamke aliyetwanga maisha yake yote, akaunyanyua mkono ule mbele ya watu.

"Lambert, kaa chini. Wote, mukae. Agathe, soma tena, kutoka mwanzo. Mwanamke wa Tshopo, usimukate, abaki pale alipo, habari ni yake vilevile. Lakini utie chakula. Na ule samaki ya Lambert, ya Aruwimi, umurudishe."

Agathe akaifungua karatasi. Machozi yalikuwa yameuchafua mwandiko wake mzuri. Akatafuta kalamu nyekundu katika pindo la kanga, akaikosa, akaendelea bila kalamu.

"Évariste alizaliwa Banalia," akaanza. "Siku moja alivua samaki mukubwa."